Bomang'ombe: Vipigo Sita, Nyumba Moja

Ukitoka Moshi mjini kuelekea Arusha, nusu saa hivi kwa Coaster, konda anaanza kugonga bati: "Boma! Boma! Wa Boma mpo?" Wanaoshuka ni akina mama wenye ndoo na vijana wenye mabegi ya mgongoni. Abiria wa KIA wanaowahi ndege wanatupa jicho dirishani, wanaona vumbi, bodaboda na mahindi ya kuchoma, halafu wanarudi kwenye simu zao. Watalii wengi hupita hapa wamelala. Hiyo ndo Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, njia panda ya kwenda Sanya Juu, mji ambao jina lake linajieleza lenyewe.

Najua, msomaji wangu, ukurasa wa safari umekuzoesha fukwe na picha za machweo. Safari hii hakuna ufukwe. Mlima upo, tena karibu sana: asubuhi Kibo inakaa juu ya mabati ya maduka kama kuna mtu kaiweka pale makusudi, na ikifika saa nne inajifunika mawingu hadi kesho yake. Ukitaka maji ya kuogelea, barabara ya kusini inakupeleka Rundugai kwenye chemchemi za Chemka, maji ya kijani kibichi chini ya mitini. Nilikwenda, nikaogelea, nikafurahi. Ila si hicho kilichonipeleka Boma.

Nilikwenda kuangalia watu wa Simba wanavyofungwa.

Usinielewe vibaya. Timu yangu siitaji, na nyumbani kwetu wanajua kwa nini. Lakini nafanya kazi kwenye jarida la mahusiano, kila mwezi napokea barua za watu waliogombana kwa sababu ya simu, mawifi, pesa ya kodi. Kuanzia mwishoni mwa 2023 zilianza kuja barua za aina nyingine: "Mume wangu hajaniongelesha tangu juzi, Simba imefungwa." Ya kwanza nilicheka. Ya tatu nikaanza kufikiria safari. Rafiki yangu mmoja aliyekulia Hai akaniambia, nenda Boma, pale utaiona vizuri, mji mdogo, mtu hana pa kujificha.

Hesabu yenyewe kwa wasiofuatilia mpira ni hii. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba 5-1. Aprili 20, 2024 ikawa 2-1. Agosti mwaka huohuo, kwenye Ngao ya Jamii, 1-0. Oktoba 19, tena 1-0, na bao lenyewe la kujifunga dakika za mwisho, jamani! Machi 8, 2025 mechi haikuchezwa kabisa baada ya Simba kusema imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo. Ikaja kuchezwa Juni 25, siku ya kuamua ubingwa, Yanga 2-0 na kombe la nne mfululizo. Kisha Ngao ya Jamii ya Septemba 16, 2025. Hiyo ya mwisho ndo niliyoifuata.

Na kinachouma zaidi, timu yenyewe haikuwa mbovu. Mei 2025 Simba hiyohiyo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco, ikafungwa 2-0 ugenini na kutoka sare 1-1 Zanzibar. Unaweza kufika fainali ya Afrika na bado ukashindwa kumfunga jirani yako wa Kariakoo. Ni kama yule dada anayepandishwa cheo kila mwaka kazini halafu kila Jumapili wifi yake anamtoa machozi.

Lakini kwa nini Boma, zaidi ya kilometa 500 kutoka Msimbazi na Jangwani? Kwa sababu Kilimanjaro haikuwa na timu ya kumtoa mtu kwenye mapenzi hayo. Polisi Tanzania ilikuwa ikicheza Ligi Kuu kwenye Uwanja wa Ushirika pale Moshi, ikashuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23, na habari ikaishia hapo. Watu wakabaki na zile mbili walizorithi kwa baba na mjomba. Hapa wapo Wamachame walioshuka kutoka migombani, Wamasai, Wapare, wachimbaji wanaokwenda na kurudi Mererani, na wale wapagazi wa mlima wanaoitwa wagumu. Kabila mbalimbali, dini mbalimbali, timu mbili tu.

Mgumu mmoja alinisimulia alivyokuwa Horombo siku ile ya tano kwa moja. Kumbuka Agosti 2022 TTCL walipeleka intaneti mlimani, wakaanzia hapohapo Horombo, mita 3,720 juu. Serikali ilifurahi, watalii walifurahi. Yeye hakufurahi. "Zamani ungepanda mlima Jumapili, ukashuka Alhamisi ndo unasikia, watu washachoka kucheka," alisema. "Siku ile bao la tano limenikuta na sufuria ya uji mkononi. Wapishi wa Yanga wakakataa kunipakulia mpaka nihesabu moja hadi tano."

Kibandani

Kibanda umiza nilichopelekwa kiko nyuma ya stendi. Mabati, mabenchi ya mbao za mirunda, runinga mbili, kisimbuzi kimefungwa kwa waya juu ya paa. Katikati ya mabenchi kuna njia ya kupita ambayo wao wanaiita mpaka: kushoto nyekundu, kulia njano na kijani. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Mwenye kibanda ni mtu wa Simba, na alinieleza uchungu wake wa kibiashara bila aibu: "Simba ikifungwa roho inaumia, mfuko unapona. Wale wakishinda wananunua soda kreti nzima. Sisi tukishinda tunaimba tu, tunaondoka."

Nilikaa mpakani. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu kwa makusudi, nikidhani nimekwepa ugomvi. Kumbe! Kabla mpira haujaanza nilishapewa jina, "dada wa Azam", na nikaonewa huruma na pande zote mbili.

Kipindi cha kwanza sina la kusema, sifuri kwa sifuri, watu wanatafuna karanga. Kipindi cha pili kimeanza tu, dakika ya 54, Pacome akafunga. Upande wa kulia benchi moja lilivunjika. Upande wa kushoto sikuona mtu akipiga kelele wala kutukana. Wanaume wazima waliangalia chini, kwenye udongo, wote kwa wakati mmoja, kama watu waliodondosha shilingi. Nusu saa iliyobaki waliangalia mpira kwa adabu ya watu walio msibani. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa, mzee mmoja, fundi cherehani, alisimama, akavaa kofia yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Hii sita yao wameikusanya miaka miwili. Sisi ya kwetu tulipiga siku moja."

Kibanda kizima kilicheka, Yanga kwa Simba. Alikuwa anasema 1977, Simba 6 Yanga 0. Nusu ya waliocheka hawakuwa wamezaliwa. Waliobaki wakamjibu wakitoka: "Mzee, ya '77 haionyeshwi kwenye kisimbuzi!"

Nje bodaboda zilishaanza kuzunguka na honi. Kijana wa Yanga aliweka mkeka mbele ya genge la Simba, akakaa, akajifunika kanga kichwani na kuanza kupokea rambirambi. Mtu wa Simba alitoa mia mbili, akamwekea mkononi, akampa pole yeye. Hapo nikaanza kuona kwamba watu hawa wana ufundi. Walinieleza kwamba baada ya ile 5-1 Boma nzima iliacha kupungiana mikono kwa wiki mbili. Ukimpungia mtu wa Simba unamwonyesha vidole vitano. Mtu akikuona barabarani anakunja ngumi ndo anakusalimia.

Kwa fundi na mama mtori

Usiku huo nilialikwa chakula. Mume ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa Machame, Simba toka utotoni. Mke ni Mpare kutoka Same, anauza mtori na ndizi nyama karibu na stendi, Yanga kwa sababu baba yake alikuwa Yanga. Mchaga na Mpare ni watani, Simba na Yanga ni watani, kwa hiyo ndoa yao ni utani juu ya utani. Wana watoto wawili, mmoja kila upande, "tumegawana kama Waarabu na ngamia," alisema mke, sijui alimaanisha nini ila tulicheka.

Ile 5 Novemba 2023 nusura iwavunje. Mapumziko ilikuwa 1-1. Mume akampigia simu mkewe toka kibandani: chinja kuku, leo tunamaliza kazi. Mke akachinja. Aliporudi, nyumba ya watu wanne iliandaliwa sahani tano. Mke alimpakulia zote tano, moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti, na watoto wanaitikia. Mume akainuka bila neno, akaenda kulala karakana. Siku tatu. Siku ya pili mke alimpelekea chakula, akakuta kufuli. Siku ya tatu akampigia mama mkwe.

Mama mkwe akashuka toka Machame na basi la asubuhi. Aliwakalisha wote wawili, akasikiliza kesi yote, halafu akauliza swali moja: "Huyu Simba ni ndugu wa nani hapa?" Hakuna aliyejibu. Basi akawapa sheria, na mimi nimezunguka kwa washauri wengi wa ndoa, wengine wa kulipwa, sijapata sheria nzuri kama hiyo. Aliyefungwa ana haki ya kunyamaza mpaka vyombo vioshwe. Baada ya hapo anataniwa, na lazima akae, lakini dakika tisini tu. Zikiisha zimeisha. Na watoto wasitumike kama wapiga ngoma.

Sheria ilishika. Aprili 2024 walikaa dakika tisini. Agosti, Oktoba, Juni, hivyohivyo. Juni, mke alisema, alileta hadi saa ya mezani.

Sasa usiku niliokuwepo mimi. Tumekula, vyombo vimeoshwa, mume amekaa kwenye kochi akisubiri, kabisa, kama mtu anayesubiri sindano. Mke hakusema kitu. Alikuwa amempakulia firigisi, amemwekea maji ya kuoga, akakaa akasuka nywele za mtoto. Dakika kumi, ishirini. Mwisho mume akamgeukia: "Vipi wewe, leo huna la kusema?"

"Pole, baba," mke akajibu. Taratibu, kwa upole kabisa.

Yule bwana alikasirika kuliko nilivyomwona kibandani! "Mimi mgonjwa? Nani kakwambia naumwa?" Akatoka nje. Nilibaki nimeshika kikombe changu sijui niangalie wapi. Mke akaninong'oneza: "Sita, dada. Hata ng'ombe ukimchapa sana unafika mahali unamwonea huruma."

Nilimkuta nje amesimama kwenye giza, mlima hauonekani, taa za KIA kwa mbali. Aliongea bila kuniangalia. "Akinitania najua ananisubiri na mimi nimlipe kesho. Akinihurumia ina maana keshaona sina kesho."

Tulisimama pale kimya. Niliwaza barua zote zile mezani kwangu, wake wanaoandika "namhurumia, nifanye nini?", na majibu ya upole niliyowaandikia.

Tumefungwa, wamefungwa

Chuoni, kwenye somo la mawasiliano, tulisomeshwa utafiti wa Robert Cialdini na wenzake uliochapishwa 1976. Waliwachunguza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani baada ya mechi za timu za chuo. Timu ikishinda, Jumatatu wanafunzi wengi wanavaa nguo zenye jina la chuo. Na wakihojiwa, ushindi wanasema "tumeshinda". Ikifungwa, lugha inabadilika: "wamefungwa". Mtu anajitoa kimyakimya kwa kiambishi tu.

Asubuhi ya Jumatano nilikaa kijiwe cha kahawa mpaka kashata zikaisha, nikisikiliza viambishi. "Tulikosa umakini." "Tumefungwa na bahati mbaya." "Kiungo wetu alichoka." Tu, tu, tu. Kijana mmoja tu ndo alisema "Simba wamefungwa", na kijiwe kizima kikamgeukia: "Enhe, wewe umehama lini?" Wakamtajia Haji Manara, yule msemaji wa Simba aliyehamia Yanga mwaka 2021. Kijana akajirekebisha haraka: "Tumefungwa, bwana, tumefungwa!"

Wenzetu wa mbali wana njia ya kujificha. Mwaka 1980 mashabiki wa New Orleans Saints, timu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wakienda uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi kichwani, matundu ya macho tu. Mwaka 2024 kule Chicago timu ya besiboli ya White Sox ilifungwa michezo 21 mfululizo, na 121 msimu mzima. Mji mkubwa ule, unaweza kufungwa mara 121 na jirani yako wa ghorofa asijue wewe ni wa timu gani. Jaribu kuvaa mfuko kichwani Boma! Watakujua kwa mwendo. Watakujua kwa viatu. Mangi wa duka atakuuliza leo unataka unga kilo ngapi, au sita?

Watu wa Yanga wanaelewa, na hili lilinishangaza. Mwaka 2018 hadi 2021 Simba ilichukua ubingwa mara nne mfululizo, na Yanga ilifika mahali pa kuchangishana ili mambo yaende, kocha Mwinyi Zahera mwenyewe akihamasisha. Muuza kahawa, Yanga damudamu, alinikumbushia akimimina: "Tulitaniwa humu ndani mpaka bakuli likaitwa jina letu. Lakini nilikuwa nakuja kila siku. Ukikosa siku moja tu, umekwisha." Akamwongezea mteja wake wa Simba kikombe cha bure. Mteja akakataa, akalipa.

Ila kuna mmoja ambaye hakutaniwa na mtu. Kijana wa bodaboda, miaka ishirini na kitu, alikaa pembeni ya kijiwe na helmeti mapajani bila pikipiki. Nilidhani inatengenezwa. Baadaye ndo nikaambiwa: jana aliweka mkeka, Simba ishinde, kwa hesabu ya wiki nzima ya bosi wake pamoja na pesa aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya mchumba wake kujifungua. Saa moja asubuhi mwenye pikipiki alikuja na ufunguo wa akiba, akaichukua. Mchumba ana miezi minane.

Nilikaa pale saa mbili. Watu walitaniana mpaka machozi, mzee wa cherehani akarudia ya '77 mara tatu, na kila utani ulipofika pale alipokaa yule kijana uliruka, ukatua kwa mwingine. Walimpa kahawa. Walimsogezea kiti. Hakuna aliyemwonyesha vidole sita. Nilimwangalia, nikaelewa vizuri kilichomtoa fundi nje usiku. Kabla sijaondoka mwenye kibanda umiza alimwita kando, nikasikia wanaongea habari za kumpa kazi ya kukusanya viingilio jioni. Shilingi ngapi sijui. Alikubali kwa kichwa.

Siku chache baadaye kocha wa Simba, Fadlu Davids, aliondoka kwenda Raja Casablanca. Robertinho alifukuzwa baada ya 5-1, Benchikha akaja akaondoka ndani ya miezi michache. Kocha anaweza kupanda ndege. Fundi wa mageti ana karakana, ana mke, ana mtoto mmoja wa Yanga.

Saa sita mchana nilipita kwa mama mtori kuaga. Foleni ilikuwa ndefu, madereva na makonda, karakana ya mumewe iko ng'ambo ya barabara na cheche zinaruka. Mama akachungulia sufuria, akanyanyua mwiko juu, akaita kwa sauti ya kushinda honi zote za stendi: "Baba nanii! Bakuli zimebaki sita tu! Nikuwekee zote au umeshashiba?"

Mashine ya kuchomelea ilizimwa. Foleni yote ikageuka. Yule bwana akavua miwani yake ya kazi, akapangusa uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona meno yake. "Weka!" akajibu. "Na ya saba uweke, ya kwako hiyo, inakuja!"

Kama utakwenda: Coaster za Moshi na Arusha zinapita Boma kutwa nzima, huna haja ya kukata tiketi mapema. Amka saa kumi na mbili uone Kibo. Chemka nenda siku ya kazi, wikiendi kunajaa watu na muziki. Mtori uko stendi, uliza tu mama wa Yanga, bakuli linakuja na pilipili pembeni. Siku ya mechi fika kibandani mapema kwa sababu mabenchi ya mpakani ni mawili tu. Na gauni la bluu liache nyumbani, mimi hadi leo simu yangu ikipigwa kutoka Boma naitwa dada wa Azam.